Mimi Ndiye

Masomo: Yohana 9:1–9, 2 Wakorintho 5:17, Filemoni 8–22



Kuna neno nimelisikia mara tatu mwaka huu, kwa watu watatu tofauti, na mara zote lilisemwa kwa furaha: "Yule aliyekopa alikufa. Mimi ni kiumbe kipya."

Mara ya mwisho ilikuwa katika darasa la waamini wapya. Ndugu mmoja, ambaye sitamtaja wala sitasema anatoka ushirika upi, alikuwa anadaiwa shilingi 18,000 na mama anayeuza mboga mtaani kwao. Alizikopa siku za ulevi, kidogo kidogo, leo 500, kesho 1,000, mama akiandika kwenye daftari. Halafu Bwana akamfikia ndugu huyu, akaokoka, pombe akaiacha kabisa, na kwa hilo tunamshukuru Mungu hadi leo. Mama aliposikia alifurahi pia, akaja na daftari lake. Jibu alilopewa ni hilo: unayemdai alikufa, tulimzika kwenye maji ya ubatizo.

Mama huyo hajaokoka. Unaweza kukisia anavyoisikia Injili sasa.

Ndugu yetu hakuwa anatania, na wala si mtu mjanja. Aliniambia, "Mwalimu, hata nikijaribu, simkumbuki huyo mtu. Si ni Biblia inasema?" Kwa hivyo sikutaka kumjibu kwa kumkemea. Nataka tulipime neno lake polepole, maana ndani yake kuna kweli kubwa, na nyuma ya hiyo kweli kuna mlango ambao mtu anaweza kutorokea.

Tuanze na andiko lenyewe. Paulo anawaambia Wakorintho kwamba aliye ndani ya Kristo ameumbwa upya, na ya zamani hayapo tena. Hebu angalia ni nini kimeondoka. Ni mambo. Katika Kiyunani alichoandika Paulo na katika Kiswahili chetu pia, kilichopita si mtu, ni vitu vya zamani: mazoea, hukumu, utumwa. Mtu mwenyewe yuko pale pale, ndiye aliyefanywa mpya. Hakuna kufanywa upya pasipo mwenye kufanywa.

Halafu tazama Warumi 6:6, andiko tunalolisoma kila tukibatiza. Kiyunani pale kina neno la kawaida kabisa la mtu. Lakini waliotafsiri Biblia ya Union ya 1952, ile wengi wetu tunayoibeba, hawakuandika kwamba mtu wetu wa kale alisulubiwa. Waliandika "utu". Herufi moja tu. Mtu na utu si kitu kimoja, na mtoto wa darasa la tatu anajua. Mtu ana jina, ana kitambulisho, ana mama yake. Utu ni jinsi alivyo. Ukisema fulani amepoteza utu, humaanishi amekufa. Sijui kama wale watafsiri walikaa siku nzima wakibishana juu ya herufi hiyo, lakini naona walituachia zawadi. Kilichopigwa misumari ni ile namna ya kuwa. Aliyekuwa hivyo anatoka majini akiwa ameloa, na anaitwa kwa jina lile lile.

Sasa turudi kwa maneno ya ndugu yetu. "Yule aliyekopa alikufa." Kwa nini hakusema "nilikopa"? Kwa sababu angesema hivyo, asingeweza kuimalizia sentensi yake. "Nilikopa, nikafa, kwa hivyo sidaiwi": ukisikia hivyo unacheka. Ilibidi kwanza aitoe "ni" aweke "a". Kiswahili kinasema nilikopa, ninaomba, nitalipa. Wakati unabadilika katikati ya neno, -li-, -na-, -ta-, lakini mbele yake kuna "ni" ile ile. Hatuna "ni" ya kabla ya kuokoka na "ni" nyingine ya baadaye. Mtu akitaka kujitenga na alichofanya, lazima ahame nafsi ya kwanza aende ya tatu, ajizungumzie kama jirani.

Najua kuna atakayesema sarufi si Neno la Mungu. Ni kweli. Tunasema jua limechomoza, na dunia ndiyo inayozunguka. Lugha inaweza kutudanganya. Kwa hivyo tuiweke sarufi kando tuangalie hoja yenyewe, kama inasimama.

Ndugu huyu huyu, Jumapili mbili kabla, alikuwa amesimama mbele ya kanisa akatoa ushuhuda. Alisema, "Nilikuwa mlevi, nililala mtaroni, Yesu akaniokoa." Kanisa lote tukapiga makofi. Sasa nauliza: Yesu alimwokoa nani? Kama mlevi wa mtaroni ni mtu mmoja, na huyu ndugu msafi aliyeshika kipaza sauti ni mtu mwingine, basi mlevi hakuokolewa. Alikufa katika ulevi wake. Na huyu mpya naye hakuokolewa, kwa sababu hajawahi kulala mtaroni. Alianza maisha akiwa msafi, ataokolewa kutoka wapi? Ukiwatenganisha hao wawili, ushuhuda unaanguka katikati, haumwangukii hata mmoja wao. Ukitaka ushuhuda usimame, lazima iwe ni mtu mmoja. Na ikiwa ni mtu mmoja, 18,000 ni zake.

Huwezi kuchukua ushuhuda ukaacha deni. Vinabebwa na "ni" moja.

Nilipomwambia hivyo alinyamaza kidogo. Mwingine darasani akasema, "Lakini Mwalimu, watu hubadilika. Mimi mwenyewe kijijini wananiambia huyu si yule tuliyemjua." Na hapo ndipo tulipofungua Yohana 9.

Wapendwa, hicho kisa tumekihubiri sana kwa ajili ya matope na macho, mistari ya 8 na 9 tukaipita mbio. Kipofu anarudi kutoka Siloamu akiona. Majirani wanaanza kubishana. Wengine wanasema ni yule aliyekuwa anaomba pale. Wengine wanasema hapana, ni mtu anayefanana naye tu. Hebu fikiria nafasi aliyopewa! Ukoo mzima wa maisha ya kuombaomba ungeweza kufutwa kwa kunyamaza tu. Angewaacha waamini kwamba ni mtu mwingine, mgeni mwenye macho mazuri, asiye na historia. Yeye akawaambia ni yeye. Mimi ndiye. Katika Kiyunani ni maneno mawili tu, na ni yale yale ambayo Yesu anayatumia katika Yohana 8:58 na Wayahudi wakaokota mawe. Simaanishi kipofu alijiita Mungu, mtu asininukuu vibaya. Nasema tu kwamba ni maneno mazito.

Kiswahili kina utajiri hapa. "Mimi ni mpya" inaeleza nilivyo. "Mimi ndiye" inajibu swali lingine kabisa: ni nani? Yule kijijini anayeambiwa si yule waliyemjua, wanamaanisha tabia. Hakuna mzee wa kijiji atakayemnyang'anya shamba la baba yake kwa kusema si yeye tena. Kwa tabia, kipofu hakuwa yule. Kwa nafsi, alikuwa yule yule, na muujiza wote ulitegemea hilo. Kama ni mtu mwingine anayefanana naye, hakuna aliyeponywa.

Na Fuliza, kama mnavyojua, haina habari ya kuokoka. Pesa ikiingia, inakata.

Turudi kwa lile la kusahau, maana nadhani ndilo lilikuwa moyoni mwa ndugu yetu zaidi. Kuna Mwingereza aliyeitwa John Locke ambaye mwaka 1694, katika toleo la pili la kitabu chake kuhusu akili ya mwanadamu, aliongeza sura nzima juu ya swali hili: ni kitu gani kinanifanya mimi wa leo niwe yule wa jana? Alijibu kwamba ni fahamu. Kile ninachoweza kukifikia kwa kumbukumbu kama changu, hicho ni changu. Akasema hata neno lenyewe, mtu kwa maana ya nafsi, ni neno la mahakamani, linahusu nani ajibu kwa tendo lipi. Na akagusa kisa cha mlevi wazi wazi. Mahakama humwadhibu aliyelewa kwa alichofanya akiwa amelewa, hata akisema hakumbuki, kwa sababu tendo linaweza kuthibitishwa na kusahau hakuwezi. Mengine Locke aliyaachia Siku ile ambapo siri za mioyo zitafunuliwa.

Ndugu yetu angempenda Locke. Lakini mwaka 1785 akatokea Thomas Reid, Mskoti aliyekuwa mchungaji wa kanisa la New Machar kabla ya kuwa profesa, akatoa mfano ambao mtu yeyote anaweza kuufuata. Kuna mvulana alichapwa viboko kwa kuiba matunda shambani mwa watu. Alipokua akawa afisa wa jeshi, akateka bendera ya adui vitani, na siku hiyo bado alikumbuka viboko. Akazeeka akawa jenerali. Jenerali anakumbuka bendera, lakini viboko vimemtoka kabisa kichwani. Kama kumbukumbu ndiyo inayomfanya mtu awe yule yule, basi jenerali ni yule afisa, na afisa ni yule mvulana, lakini jenerali si yule mvulana. Haiwezekani! Ikiwa wa kwanza ni wa pili, na wa pili ni wa tatu, basi wa kwanza ni wa tatu. Hiyo hesabu haina mjadala.

Kwa hivyo, mpendwa, usiposikia tena uchungu wa deni moyoni mwako, usidhani limehama. Umesahau tu. Daftari la mama halijasahau.

Kuna kitu kingine nimekiona katika usemi wetu, na hiki kinatuhusu hata sisi tusiodaiwa. Kiswahili kimejaa mahali pa kujificha. Hatusemi nilivunja kikombe, tunasema kikombe kimevunjika. Pesa za chama zilipotea. Maneno yalinitoka. Ilitokea tu. Tunalaumu vitenzi, lakini mchezo ni wa zamani kuliko lugha yetu. Katika Kutoka 32 Haruni anaulizwa na Musa juu ya ndama wa dhahabu, anajieleza kwamba walimpa dhahabu, akaitupa motoni, na ndama akatoka. Akatoka mwenyewe! Mapema katika sura hiyo hiyo tumeambiwa Haruni alimtengeneza kwa chombo cha kuchorea. Nikisoma hapo huwa nacheka, halafu nakumbuka mikutano ya kamati niliyowahi kukaa.

Mwaka 1979 mwanafalsafa Mmarekani, John Perry, aliandika kisa cha sukari. Alikuwa dukani, moja ya yale maduka makubwa, anasukuma toroli. Akaona sukari imemwagika sakafuni mstari mrefu, akaanza kuufuata mstari amtafute mteja mwenye mfuko uliotoboka amwambie. Akazunguka rafu, akazunguka tena, na mstari ukazidi kuwa mnene. Mwishowe akaelewa: ni mimi. Tangu mwanzo alijua kuna mtu anamwaga sukari, na alijua ni vibaya. Alikuwa tayari hata kumsaidia huyo mtu. Lakini mkono wake haukugusa mfuko mpaka neno "mimi" lilipoingia. Perry alisema hakuna neno lingine linaloweza kushika nafasi yake, hata jina lako mwenyewe.

Nathani alilijua hilo karne nyingi mbele yake. Katika 2 Samweli 12 anampa Daudi habari za tajiri aliyemchukua mwana-kondoo wa maskini, na Daudi anawaka hasira, anatoa hukumu iliyo sawa kabisa, alipe mara nne. Ukweli wote anao, sheria anayo, hasira anayo. Kinachokosekana ni kujua kwamba huyo tajiri ni yeye. Nathani akamwonyesha kidole, na jibu la Daudi likaanza kwa "ni": nimetenda dhambi. Kusema "mtu wa zamani alikopa" ni kubaki upande wa Daudi kabla ya kidole.

Lakini Paulo mwenyewe si alisema si yeye? Hili swali liliulizwa darasani na dada mmoja, na alikuwa na haki. Wagalatia 2:20, anaishi lakini si yeye, ni Kristo ndani yake. Warumi 7, dhambi iliyo ndani yake ndiyo inayotenda. Mbona Paulo aruhusiwe na ndugu yetu akatazwe?

Soma mbele kidogo. Katika Warumi 7 hiyo hiyo, mstari wa 24, Paulo analia kwamba yeye ni maskini, anauliza nani atamwokoa. Hakusema dhambi ile ni maskini. Alichokuwa amekitoa mkononi amekirudisha kifuani. Na katika Timotheo wa kwanza, sura ya 1, akiwa mzee wa imani, anasema yeye alikuwa mtukanaji na mtesaji, nafsi ya kwanza tupu, kisha anajiita wa kwanza katika wenye dhambi, na hapo hatumii "nilikuwa". Anatumia wakati uliopo. Kwa hivyo Paulo anaposema "si mimi" anazungumza juu ya nguvu: ni nani anayeniwezesha kuishi hivi. Hajawahi kulitumia neno hilo alipoulizwa: ni nani aliyelitesa kanisa? Hapo hujibu mwenyewe.

Na hapa, wapendwa, niruhusuni niseme jambo linaloniogopesha katika fundisho la ndugu yetu kuliko hizo 18,000. Kama mtu akibadilika deni linakufa lenyewe, basi msalaba ulikuwa wa nini? Mungu angetubadilisha tu, Jumatatu asubuhi tuamke watu wengine, na hesabu ya zamani ikose mwenyewe. Lakini Wakolosai 2:14 inazungumza juu ya hati ya deni iliyopigiliwa msalabani. Hati haipigiliwi misumari kama haina mdaiwa. Yesu alilipa kwa sababu mdaiwa alikuwa bado yupo, na alikuwa mimi.

Dada yule aliuliza pia kama ni dhambi darasa likimchangia ndugu yetu. Si dhambi. Zakayo alilipa kutoka mfukoni mwake mara nne, lakini si kila aliyeokoka ana mfuko wa Zakayo, na kibarua cha ndugu yetu kinampa siku tatu kwa wiki. Nilichosema ni kwamba mchango usifike kwa mama kabla yake. Kwanza aende yeye, akae kwenye lile benchi kando ya sukuma, aseme ni mimi. Baada ya hapo hata 200 kila Jumamosi ni malipo. Kama amekwenda au hajakwenda, hilo si langu kuliandika hapa.

Tulimaliza na Filemoni, barua fupi kuliko zote za Paulo. Onesimo, mtumwa, alikuwa ametengana na bwana wake, na inaonekana kulikuwa na kitu anachodaiwa. Akakutana na Paulo kifungoni, akaokoka. Paulo anamwita mtoto aliyemzaa akiwa katika minyororo. Kuzaliwa upya kamili, kwa mkono wa mtume mwenyewe. Kama kuna mtu ambaye angeweza kuandikiwa barua inayosema yule unayemdai alikufa, ni Onesimo. Paulo hata anacheza na jina lake, maana Onesimo ni mwenye kufaa: zamani hakukufaa, sasa anatufaa mimi na wewe. Mtu mmoja, nyakati mbili, jina lile lile. Halafu inakuja sehemu ya pesa. Paulo hasemi deni halipo. Anasema liandikwe juu yake yeye, anashika kalamu mwenyewe aandike kwa mkono wake kwamba atalipa, na mistari michache chini anaomba atayarishiwe chumba, maana anatumaini kuja.

Safari ilikuwa ndefu mpaka Kolosai, na Wakolosai 4 inatuonyesha Onesimo akitumwa huko pamoja na Tikiko. Barua yenye habari za deni lake ilikuwa inakwenda mlangoni alikotoka. Njiani kulikuwa na mito, na mashimo, na usiku wa kutosha. Tunaisoma leo kwa sababu ilifika.